Nani Ashikaye Funguo? Uhakiki wa Huduma ya Kanisa kwa Wasio na Makao

Katika masimulizi mengi ya historia ya Kanisa nchini mwetu, makazi yaliyoanzishwa na misheni kwa ajili ya watu wasio na kwao husifiwa bila kuhojiwa. Wamisionari waliwaona wenye shida, wakawahurumia, wakawapa mahali pa kukaa; na habari huishia hapo. Makala hii haikusudii kuibeza huruma hiyo. Inakusudia kuuliza swali moja: baada ya mtu kupewa makao na Kanisa, ni nani aliyeshika funguo za makao hayo?

Swali hili si la watu wa kale tu. Mhitimu atakayepangiwa kazi Chunyu katika wilaya ya Ruangwa, au katika kijiji chochote cha Nachingwea, huenda asikute nyumba ya hifadhi iliyokwisha kujengwa. Atakachokuta ni mtu amesimama mlangoni pa kanisa: mjane aliyeondolewa nyumbani, mzee aliyeshukiwa uchawi, kijana aliyerudi kutoka mjini akakuta shamba la wazazi limekwisha kuuzwa. Hapo ndipo theolojia yake ya hifadhi itakapopimwa.

Mfano wa Masasi

Mfano ulio karibu na maeneo hayo ni Masasi. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walichukuliwa. Walipofika Masasi, waliona ni afadhali waishie pale. Kijiji kikaanzishwa, na tangu mwaka 1877 Chauncy Maples akawa miongoni mwa waliokiongoza.

Hapana budi kukiri kwamba tendo hilo lilikuwa jema. Mtu aliyenyang'anywa ukoo, jina na nchi alipata mahali pa kulala bila hofu ya mnunuzi. Hata hivyo, katika makazi ya namna hii mmisionari hakubaki mhubiri tu. Yeye ndiye aliyegawa mashamba, aliyeamua mashauri, na aliyeadhibu waliokosa. Huko Freretown, karibu na Mombasa, ambako misheni ya CMS iliwaweka watu waliokombolewa tangu mwaka 1875, mambo yalifika mahali ambapo adhabu za viboko zilileta malalamiko na uchunguzi mwanzoni mwa miaka ya 1880. Aliyetoka mkononi mwa bwana mmoja aliweza kujiona yumo mkononi mwa bwana mwingine, ingawa huyu wa pili alisali.

Kwa Walutheri kosa hili lina jina. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 28, linaonya kwamba mamlaka ya Kanisa na mamlaka ya serikali yasichanganywe. Kanisa limepewa Neno na Sakramenti, halikupewa upanga. Tumezoea kukitumia kifungu hicho dhidi ya maaskofu wa zama za Luther. Ni mara chache tunapokitumia dhidi yetu wenyewe, pale ambapo anayemhubiria mtu msamaha ndiye pia awezaye kumfukuza chumbani.

Kisha mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wangoni waliojulikana kama Magwangwara. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, na Maples akahangaika kuwapata. Baada ya hapo sehemu ya kazi ilihamishiwa Newala, katika nchi ya Matola, mtawala wa Kiyao. Jambo hili lastahili kutafakariwa kuliko linavyotafakariwa. Misheni iliyokuwa ikitoa hifadhi sasa ilihitaji hifadhi. Ilibidi ikae kama mgeni chini ya mwenyeji Mwafrika. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nathubutu kusema kwamba Newala ilimponya mwenyeji wa Masasi ugonjwa wa kujiona mwenyeji daima.

Pande tatu na mtu wa nne

Kanisa letu nalo lina historia yake. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya watu walivuka mto Ruvuma. Mwaka huohuo Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu lilianzisha shirika la kuwahudumia wakimbizi lijulikanalo kama TCRS, na miongoni mwa makazi lililoyahudumia ni Rutamba, katika Lindi. Utaratibu ulikuwa wa pande tatu: serikali iliyotoa ardhi, Umoja wa Mataifa uliosaidia gharama, na shirika la Kanisa lililofanya kazi.

Hapa tunaona hatua mbele. Mkimbizi hakupewa paa tu. Alipewa shamba, kwa kusudi kwamba ajitegemee. Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kumchokoa mgeni mvivu. Lakini jembe ni heshima pia: anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa pale. Hata hivyo, katika makubaliano ya pande tatu, mkimbizi mwenyewe hakuwa upande wa nne.

Mwaka 1523 Luther aliandika dibaji ya utaratibu wa sanduku la pamoja la usharika wa Leisnig huko Saxony, lililokusudiwa kuwasaidia yatima, wazee, wagonjwa na wageni wenye shida. Sanduku lilipangiwa kufuli nne, na funguo zake zigawanywe kati ya makabaila, baraza la mji, raia wa mji na wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata mchungaji. Mpango huo ulipata upinzani na haukutekelezwa kama ulivyokusudiwa. Na maskini kabisa hawakupewa ufunguo hata katika karatasi. Lakini kanuni yake ni ya Kiinjili: msaada usiwe mali ya mtoaji.

Ungamo la mwandishi

Naandika haya nikiwa mdeni. Katika usharika mmoja niliouhudumia, bibi mmoja alifukuzwa na jamaa zake kwa tuhuma za uchawi. Tulimpa chumba nyuma ya kanisa. Nilimtangaza ibadani, na wageni walipotutembelea niliwaonyesha chumba chake. Ufunguo wa akiba ulikaa kwangu. Baada ya miezi michache alinijia akasema, "Baba Mchungaji, mmenipa pa kulala, nashukuru. Lakini nikifa hapa, nani atasema nilikuwa wake?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa nyumba, nami nilidhani nimempa kwao. Sikuwahi kwenda kukaa na jamaa zake, wala kumwombea kiwanja kwa serikali ya kijiji, wala kumwuliza yeye angependa nini.

Hitimisho

Katika Mathayo 25 mgeni aliyekaribishwa ni Kristo mwenyewe. Na katika Walawi 25 Mungu anawaambia Israeli kwamba hata wao ni wageni katika nchi yake. Basi Kanisa halina nyumba ambayo ndani yake ni mwenyeji wa mwisho. Ndugu mwanafunzi, utakapomfungulia mtu mlango, jiulize mambo matatu: Je, ana sauti katika mashauri yanayomhusu? Je, msaada wake hautegemei kuhudhuria kwake ibada? Je, kuna njia ya yeye kutoka hapo akiwa na ardhi, ndugu na jina? Kama majibu yote ni hapana, basi paa tulilomjengea litamkinga na mvua, lakini halitamkinga na sisi.