Pongezi kwa Wenye Makarasha

Dhahabu nyingi ya Geita na Chunya ni chembe ndogo zilizofungwa ndani ya mwamba, hivyo anayestahili sifa kwanza ni mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Mawe hupondwa, kisha husagwa kwa gololi za chuma. Unga ukibaki wa chenga, dhahabu haiachii jiwe. Ukilainika kupita kiasi, maji huizoa kwenye mwalo wa kuoshea. Fundi mzuri hukijua kipimo hicho kwa vidole, na huo ni ujuzi usiothaminiwa vya kutosha. Baada ya kusaga, zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu hunasa sehemu tu ya mali, tena hudhuru afya. Nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya unga ulioshwa. Vituo vya mfano vya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) huko Lwamgasa, Katente na Itumbi hufundisha njia nyingine: sayanaidi huyeyusha dhahabu, kaboni huinasa, bila zebaki.