Brashi na Ritifaa

Mlango wa stoo ulikuwa mwembamba, na mwenye duka alitaka wenye bodaboda wakome kuegesha hapo. "Do not park here" isingeenea. Fundi, mzee mmoja anayeshinda na makopo yake ya rangi karibu na soko kuu la Jinja, akapiga mstari kwa chaki, akaanza na "Don't". Herufi hazikumchukua muda. Kilichomchelewesha ni ritifaa. Alichovya ncha ya brashi, akaipangusa ukingoni mwa kopo, akaigusisha juu, kati ya N na T, kisha akausokota mpini kidoleni hadi kichwa cha duara kikaota mkia. O imeondoka, na mahali pake pana alama.

Mafundi wa rika lake hawaondoi herufi kimyakimya. Wanajua kwamba "it's" ni "it is" iliyobanwa, na kwamba "its" ya kumiliki haina ritifaa kabisa, ingawa "John's" inayo. Kiingereza nacho kina vituko vyake. Kiganda hakiwasumbui: "na omwana" huandikwa "n'omwana", kwa alama ile ile. Wanajua pia pasipofaa kufupisha. Lile onyo lililojaa kwenye kuta za Uganda, kwamba nyumba au kiwanja hiki hakiuzwi, huandikwa "is not for sale", neno kwa neno. "Isn't" ni ya mazungumzo, na anayelinda ardhi yake dhidi ya matapeli hana mazungumzo na mtu.

Sasa mabango hutoka mashineni. Zunguka Mbale, kuanzia pale kwenye mnara wa saa, uone plastiki zinavyong'aa: picha safi, rangi kali, na chini yake "Dont" na "Its the best". Ritifaa ilikuwepo kwenye kibodi, kitufe kimoja tu. Nasi wa Kiswahili tusicheke sana. Wangapi leo huandika "ngombe" wakaendelea na safari?

Mwanafunzi wa yule mzee amehamia kwenye duka la kuchapa. Anapata zaidi, na sina la kumlaumu. Wateja waliobaki humletea mzee maneno kwenye simu, bila ritifaa hata moja, naye huziweka mwenyewe pasipo kuongeza bei. Mmoja alimwambia aifute, akidhani ni rangi iliyodondoka.