Pigo Lililofichwa Ndani ya Neno

Kwaya za Tunduma, Vwawa na Mlowo huimba upendo wa Mungu kwa Kiswahili, Kinyiha na Kinyamwanga, na kila mwalimu wa kwaya anaujua usumbufu mmoja: maneno ni mazuri, mahadhi ni mazuri, ila vikikutanishwa havielewani. Aliyeumaliza mgogoro huo kwa ufundi wa hali ya juu ni Jayadeva, mshairi wa Kisanskriti wa karne ya 12 huko mashariki ya India.

Utenzi wake, Gita Govinda, unasimulia mapenzi ya Radha na Krishna, mungu wa Kihindu: kutamaniana, wivu, kununa na kupatana. Waumini wanamwona Radha kama roho inayomlilia Mungu. Una sura 12 na nyimbo 24, nyingi zikiwa na beti nane. Kila ubeti hufuatwa na kiitikio, na mwishoni mtunzi hulitaja jina lake. Katikati ya nyimbo kuna beti za kughani, zenye bahari za kale za Kisanskriti.

Ufundi wenyewe uko kwenye hesabu. Katika shairi letu la mizani 16, kila silabi ni mzani mmoja. Katika nyimbo zake Jayadeva anapima muda: silabi fupi ni kipimo kimoja, ndefu ni viwili. Kwa hiyo fungu la vipimo vinne laweza kuwa silabi mbili ndefu, au nne fupi, au ndefu moja na fupi mbili. Silabi zinabadilika, muda haubadiliki. Juu ya hapo akaweka vina, pambo ambalo ushairi wa kale wa Kisanskriti haukulitegemea. Alilichukua kwenye nyimbo za lugha za watu. Msomaji akighani tu, tayari pigo la ngoma linasikika.

Kila wimbo umeandikiwa raga (mpangilio wa sauti) na tala (mzunguko wa mapigo) yake, lakini mahadhi ya awali hayakuandikwa. Hata hivyo nyimbo hazikufa. Kwenye hekalu la Jagannath mjini Puri, maandishi ya mwaka 1499 ya mfalme Prataparudra yaliagiza ziimbwe hizo tu. Huko Kerala, kusini mwa India, huimbwa kando ya ngazi za hekalu kwa ngoma ya edakka. Waimbaji wa Karnatiki, muziki wa kale wa kusini mwa India, huzitia raga nyingine, na wachezaji wa dansi ya Odissi huzifasiri kwa macho na vidole. Raga zinabadilika, pigo halipotei, kwa kuwa limo ndani ya neno.

Huku kwetu kazi ilianza upande wa pili. Wamisionari wa Kanisa la Moravian walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, chini ya Traugott Bachmann, wakiwa na urithi wa tenzi za Kijerumani zinazomwita Yesu bwana arusi wa roho. Mapenzi ni yale yale, ila mahadhi yalitangulia na maneno yakafuata. Tenzi nyingi za Ulaya huanza na noti nyepesi kabla ya pigo zito. Weka hapo neno “Bwana”: mkazo wake uko kwenye “Bwa”, lakini uzito wa wimbo unaangukia “na”. Mizani imetimia, neno limepinda. Kwa Kinyiha tatizo ni mara mbili, kwa sababu kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno.

Katika miaka ya 1930 mmisionari Franz Rietzsch, aliyefanya kazi kusini-magharibi mwa Tanganyika, aliona kwamba muziki wa wenyeji uko karibu zaidi na nyimbo za kale za Ulaya kuliko tenzi za karne ya 19. Alikuwa na hoja, ila bado alikuwa anatafuta mahadhi ya kigeni yanayofaa zaidi.

Njia ya Jayadeva ina gharama yake: hakuna leo anayejua kwa hakika mwenyewe aliimbaje. Lakini kwa mtunzi wa kwaya kipimo chake ni rahisi kukitumia. Ghani mshororo bila kinanda huku ukipiga kofi. Kofi likiangukia silabi isiyo na mkazo, rekebisha maneno kabla ya kutafuta sauti ya pili na ya tatu.