Si kila kosa ni hatia. Mengine yana kanuni

NIKIWA nyumbani Lurambi, Kakamega, hivi majuzi, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia na madaftari mawili, la Hisabati na la Kiswahili. Alianza na la Hisabati.

“Mwalimu, hapa tumeambiwa tutafute kosa katika urefu wa sentimita 12.3. Sasa kosa liko wapi na nimepima vizuri?”

Somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Alipolihamishia kwenye Kiswahili, neno ‘kosa’ likamponza. Rula yenye alama za milimita ina mpaka wake. Urefu halisi waweza kuwa popote kati ya sentimita 12.25 na 12.35. Hiyo nusu ya milimita ndiyo wanahisabati huiita kosa. Hailaumu mtu. Ni kukiri tu kwamba kifaa hakioni zaidi ya hapo, na anayeiandika ni mkweli kuliko anayeificha.

Daftari la Kiswahili lilikuwa jekundu. Palipostahili kuwa ‘gari’ aliandika ‘kari’, ‘duka’ likawa ‘tuka’, na ‘ndugu’ akawa ‘nduku’. Kila neno limezungushiwa wino, na chini pameandikwa: Makosa 14. Jitahidi!

Hebu litazame tena neno ‘nduku’. D imesalimika, G imegeuka K. Kwa nini? Katika lahaja nyingi za Kiluhya, sauti D na G aghalabu hutanguliwa na N. Zikikosa N hiyo, ulimi huzigeuza T na K. Kijana huyu basi hakubahatisha. Alifuata kanuni mwanzo hadi mwisho, ila kanuni yenyewe si ya Kiswahili. Kwa hesabu yangu, makosa 14 yale yalikuwa kosa moja.

Wahenga walituambia kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Katika maadili ni sawa. Katika sayansi na lugha, methali hiyo hupotosha. Chukua mizani ya mwuza mahindi inayozidisha gramu 50 kila mara. Ukishajua, unaondoa 50, mambo yamekwisha. Mizani inayozidisha leo na kupunguza kesho ndiyo taabu. Itakubidi upime mara nyingi utafute wastani. Kosa linalojirudia ndilo jepesi kutibu.

Mwanaisimu Mwingereza Pit Corder alilitambua jambo hili katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu makosa ya wanaojifunza lugha. Alitenganisha kuteleza kwa ulimi, ambako humpata hata mzawa wa lugha akichoka, na makosa yenye utaratibu, yanayoonyesha kile ambacho mwanafunzi amekwisha kukijengea kanuni akilini.

Lawama yangu inatuangukia sisi walimu na waandishi wa safu za lugha. Tunaorodhesha ‘makosa’ kama karani wa mahakama anavyoorodhesha mashtaka, bila kuuliza yametokana na nini. Wanahabari nao hawajapona. Kura ya maoni ikitangazwa kuwa na ‘kiwango cha makosa’ cha asilimia tatu, utamsikia mtu kwenye matatu akisema: “Si wenyewe wamekubali wamekosea!”

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kitenzi ‘kosa’ chenyewe hakikuanza na lawama: mshale hukosa shabaha, na mtoto aliyekosa karo hana dhambi. Tuna ‘hatia’, yenye asili ya Kiarabu na inayobeba uzito wa dhambi na sheria. Tuna pia ‘hitilafu’, iliyotoka Kiarabu vilevile, na maana yake ya asili ni tofauti. Kipimo na uhalisia vikitofautiana, kuna neno gani linalofaa zaidi? Najua tunasema pia hitilafu ya mitambo, lakini hata hapo hakuna anayeshtakiwa. Napendekeza tuseme hitilafu ya kipimo, na ‘kosa’ tuliachie sarufi na sheria.

Sisemi ‘nduku’ aachwe hivyo. Mtihani unamngoja kijana, na msahihishaji hatamwonea huruma. Nasema tuisahihishe kanuni, tusimwadhibu kwa kila neno. Nilimwambia: “Nguo unaitamka sawa. Iweke katika ukubwa, useme guo. Ngozi, gozi. Ondoa N kwenye ndoa, upate doa. Sauti unazo tayari, ni vile tu umezizoesha kutembea na N.”

Alirudia polepole, kisha akachukua kalamu, akafuta ile 14 na kuandika 1. Sijui mwalimu wake atasemaje.