Kurudi na Kurudisha: Baba na Binti katika Riwaya ya Rosa Mistika

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971 na kupigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania, imezoeleka kuhakikiwa kama riwaya ya malezi. Mwanafunzi hufundishwa kwamba Zakaria, mlevi wa kisiwani Ukerewe, alimbana bintiye kupita kiasi, na kwamba Rosa, alipokuwa mbali na macho ya baba, aliutumia uhuru wake vibaya hadi akajiua. Uhakiki huo si wa uongo, lakini unaacha jambo moja gizani. Unalitandaza neno malezi juu ya kipigo, kana kwamba Zakaria alizidisha tu kipimo cha dawa ambayo yenyewe ilikuwa njema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha riwaya ni deni: mtoto aliyedhulumiwa na mzazi wake anamdai nani, na hulipwa katika baraza gani?

Lugha yenyewe inatoa mwanga. Kitenzi kurudi kina maana ya kurejea, na pia maana ya kumwadhibu mtoto ili ajirekebishe. Adhabu ya namna hiyo huitwa marudi. Umbo hilohilo linazaa kurudisha, yaani kumpa mtu tena kilicho chake. Kwa kufuata maana hizo, mzazi anayemrudi mtoto angetarajiwa kumrejesha njiani. Zakaria anapompiga Rosa kikatili kwa ajili ya barua ya mvulana, anajiona kuwa anatumia haki hiyo. Kumbe anachokifanya ni kunyang'anya. Binti anapokonywa uwezo wa kumwona mwanamume bila hofu, na baadaye, hofu hiyo inapovunjika, hana kipimo chochote cha kumwongoza. Wahakiki wanaoitegemea methali ya samaki mkunje angali mbichi husahau kuuliza kama mkunjaji alikuwa na akili timamu.

Regina, mama wa Rosa, hawezi kuitisha kikao, kwani naye hupigwa na mume huyohuyo. Katika nyumba ya Zakaria mshtakiwa ndiye hakimu. Ndiyo sababu sura ya mwisho ina uzito wa pekee. Baada ya kufa, baba na binti wanasimama mbele ya Mungu, na kila mmoja anamtwika mwenzake lawama. Wako wanaoiona sehemu hiyo kuwa nyongeza ya kidini isiyolingana na uhalisia wa riwaya nzima. Hoja hiyo haina nguvu. Hapo ndipo Rosa anapoweza kumjibu Zakaria akiwa sawa naye, bila kuogopa fimbo. Mtunzi amelazimika kuwaua wahusika wake ili waweze kuzungumza, na kwa njia hiyo ameishtaki jamii isiyokuwa na mahali pa mazungumzo hayo duniani.

Hata hivyo, baraza hilo la mbinguni lina upungufu. Linashughulika na swali la nani mkosaji, wala haliulizi Rosa alihitaji nini. Zakaria anafika pale bila kukiri, na Rosa anafika akiwa hana tena maisha ya kurudishiwa.

Kwamba kikao cha namna nyingine kinawezekana duniani, kunathibitishwa na kijiji cha Hollow Water, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada. Waojibwe wa kijiji hicho waligundua katika miaka ya 1980 kwamba wengi wao walikuwa wamedhulumiwa kingono utotoni, mara nyingi na watu wa familia zao. Walianzisha utaratibu wa hatua 13. Kwanza mtoto anasikilizwa na kulindwa. Kisha mkosaji anakabiliwa, na hana budi kukiri kosa. Aliyedhulumiwa na mkosaji hawakutanishwi mpaka kila upande uwe umeandaliwa. Mahakama ya serikali haikufukuzwa: mwezi Desemba 1993 hakimu alikaa pamoja na wanakijiji katika duara kabla ya kutoa hukumu. Wanakijiji walieleza kwamba hofu ya gereza ilikuwa ikiwafunga watu midomo, na kwamba mkosaji anayefungwa halazimiki kuwatazama usoni wale aliowaumiza. Mpangilio huo ni kinyume cha ule wa Zakaria: ukweli unatangulia, na upatanisho, ukiwepo, hufuata.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya kuushika mpangilio huo kwa makini, maana kwetu liko jambo linalofanana nao kwa sura tu. Mtoto anapodhulumiwa, jamaa hukaa, mbuzi au fedha hutolewa, na mtoto huamriwa kunyamaza ili jina la ukoo lisichafuke. Funika kombe mwanaharamu apite. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono ziliondoa faini ya mapatano katika makosa hayo, lakini mazoea hayafutwi kwa maandishi peke yake. Kosa linapokuwa la baba mwenyewe, upuuzi wa fidia hiyo huonekana wazi: anayelipa na anayepokea ni mtu mmoja, na mbuzi hatoki hata uani. Kuliita jambo hilo haki ya kurudisha ni kulitusi neno.

Rosa Mistika isomwe basi kwa jicho hilo. Mwalimu anayeuliza darasani kama Rosa alilelewa vema au vibaya anapata majibu ya haraka, na wanafunzi wanatoka wakiwa wamemhukumu msichana. Akiuliza Rosa alipaswa kurudishiwa nini, na nani, na mbele ya nani, atakutana na ukimya mrefu zaidi. Huenda baadhi ya wanaonyamaza wanalijua jibu kutoka nyumbani kwao, na mwalimu hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kumtaka yeyote aseme. Kezilahabi hakuandika jibu. Aliandika nyumba ambamo swali halikuweza kuulizwa, na kazi ya uhakiki ni kuliuliza wakati walio hai bado wanaweza kulijibu.