Riwaya ya pili ya Harper Lee ilivyomvua Atticus joho

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliingia ofisini akiwa amenuna. Alikuwa amemaliza kusoma Go Set a Watchman ya Harper Lee. “Prof, huyu si Atticus,” akaniambia. “Wamemharibu.” Nilimwelewa. Hata mimi, nilipoisoma mara ya kwanza, niliifunga katikati nikaiweka kabatini wiki nzima.

Wa rika langu tulikutana na Atticus Finch katika To Kill a Mockingbird, iliyotoka 1960 na kutuzwa Pulitzer mwaka uliofuata. Ndiye wakili Mzungu wa mji mdogo wa Maycomb, Alabama, anayemtetea Tom Robinson, mtu mweusi aliyesingiziwa ubakaji. Tom anapatikana na hatia hata baada ya ushahidi kumsafisha, ila msomaji anaondoka na Atticus moyoni. Filamu ya 1962 ikamalizia kazi: Gregory Peck akamfanya karibu mtakatifu.

Kisha Julai 2015 ikaja ya pili. Scout sasa ni Jean Louise, ana miaka 26, na amerudi nyumbani kutoka New York. Nyumbani kwa babake anakuta kijitabu cha kuwatweza watu weusi. Anaenda mahakamani, anapanda roshani ileile alikoketi utotoni akimtazama babake akimtetea mtu mweusi. Chini anamwona mzee, tena miongoni mwa wakuu wa Baraza la Raia, ametulia huku mgeni akimwaga matusi ya ubaguzi. Mabaraza hayo Lee hakuyabuni. Yalianzia Mississippi 1954, kupinga uamuzi wa Mahakama ya Juu dhidi ya kutenganisha wanafunzi kwa rangi.

Hebu tusimame kwenye neno moja. Riwaya hii imeitwa mwendelezo. Kimatukio, sawa. Kiuandishi, la. Lee aliiandika kwanza, katikati ya miaka ya 1950, na mhariri wake, Tay Hohoff, akamwelekeza arudi kwenye utoto wa Scout. Ushahidi umo ndani: katika Watchman, mshtakiwa aliyetetewa na Atticus aliachiliwa huru! Mwendelezo gani huo unaosahau hukumu? Mimi ningeiita rasimu mama. Kwa hiyo hakuna aliyemharibu Atticus. Mbaguzi ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Mtakatifu ni mdogo wake.

Kisanaa, rasimu hii ina udhaifu. Mijadala ni mirefu mno, na Mjomba Jack anahutubu kuliko anavyozungumza. Eti kofi lake linamrejesha binti kwenye fahamu, kisha baba na mwana wanapatana. Hapo mimi sikushawishika hata kidogo.

Lakini kuna sura moja ambayo ningeibadilisha na nusu ya Mockingbird. Calpurnia, mpishi aliyemlea Scout baada ya mamake kufa, sasa amezeeka. Mjukuu wake, Frank, amemgonga kwa gari Mzungu mlevi akamuua. Atticus amekubali kumtetea, kumbe nia yake ni kuwafungia mlango mawakili wa NAACP, wasije wakadai watu weusi nao waketi kuamua kesi. Jean Louise anaenda kumpa pole aliyemlea. Calpurnia anampokea kwa adabu ya wageni.

Sisi wanaisimu tungesema amebadilisha rejista. Katika Mockingbird, Scout alishangaa kusikia Calpurnia akizungumza kivingine kanisani kwa watu weusi. Pale lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo, mtoto akigundua kuwa yaya wake ana maisha mengine. Hapa rejista ni ukuta. Binti anauliza kama aliwachukia miaka yote ile. Kimya kirefu. Hatimaye Calpurnia anatikisa kichwa.

“Si hapo amesema hakuwachukia?” mwanafunzi wangu akauliza.

Nikamuuliza kesi ya Frank iko mikononi mwa nani wakati kichwa kile kinatikiswa.

Alikaa kimya, akafungua tena ukurasa ule, akasoma akiwa amesimama. Kisha akaomba aondoke na nakala yangu, ile yenye maandishi yangu pambizoni. Mpaka leo hajairudisha.