Nancy Grace na hoja za kufunga zilizohamia runingani

Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo la Georgia, nchini Marekani, ilimkosoa mwendesha mashtaka mmoja wa Atlanta. Kesi yenyewe ilikuwa ya heroini, lakini katika hoja zake za kufunga mwendesha mashtaka huyo aliwapa wanajopo, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, mifano ya mauaji na ubakaji ambayo haikumhusu mshtakiwa hata kidogo. Mahakama ikasema amevuka mipaka. Aliyekosolewa ni Nancy Grace. Mbinu hiyohiyo iliyomponza mahakamani ndiyo iliyomfanya, ndani ya miaka michache, awe miongoni mwa watangazaji wa kesi za jinai wanaojulikana zaidi Marekani. Kwa hiyo kazi yake inafaa kuchambuliwa kama ufundi: alichukua nini mahakamani, aliacha nini, na kilichoachwa kiliwagharimu akina nani.

Alizaliwa Macon, Georgia, mwaka 1959. Mchumba wake aliuawa kwa risasi mwaka 1979, na binti aliyekuwa akijiandaa kusomea fasihi akageukia sheria. Alisoma Chuo Kikuu cha Mercer na kisha New York, halafu akafanya kazi kwa takriban miaka 10 katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti ya Fulton, iliyo Atlanta. Msiba ule unaeleza mengi. Kesi nyingi zikifika runingani, marehemu hubaki picha ya sekunde chache huku mshtakiwa na mawakili wake wakizungumziwa kwa saa nzima. Grace alikataa hilo. Jina la aliyeuawa lilitajwa, sura yake ilionyeshwa, na watoto waliopotea walirudiwa usiku baada ya usiku. Hili alilifanya vizuri, na familia nyingi zilikuwa na haki ya kumshukuru.

Alipoacha uendeshaji mashtaka alichukuliwa na Steven Brill, mwanzilishi wa Court TV, kituo kilichoanza mwaka 1991 kwa kuonyesha kesi moja kwa moja kutoka mahakamani. Mwaka 1997 alipewa kipindi pamoja na Johnnie Cochran, wakili aliyemtetea O.J. Simpson, nyota wa zamani wa futiboli ya Marekani, katika kesi yake ya mauaji. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi kilichoundwa sawasawa kuliko vyote alivyofanya, ingawa hakikudumu. Mmoja alishtaki, mwingine akatetea, na hakuna aliyeweza kusema jambo bila kujibiwa na mtu wa uzito wake. Februari 2005, alipoanzishiwa kipindi chenye jina lake katika kituo cha HLN, mizani ile haikuwepo tena. Mawakili wa utetezi walialikwa, lakini walikaa kwenye vidirisha pembeni mwa skrini, na mwenye muda, mwenye maswali na mwenye neno la mwisho alikuwa mtu mmoja.

Hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mahakamani kuna mpangilio: upande wa mashtaka unaeleza utakachothibitisha, mashahidi wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja anapigwa maswali ya dodoso na upande wa pili, vielelezo vinapokewa au kukataliwa, na mwisho kabisa ndipo mawakili wanapotoa hoja za kufunga. Hoja hizo ni sehemu ambayo wakili anaruhusiwa kupandisha sauti, kutua pale panapouma na kuwaangalia wanajopo machoni. Zimewekwa mwisho kwa sababu zinapaswa kusimama juu ya ushahidi uliokwisha kupimwa. Grace alizichukua na kuziweka mwanzo. Mtu alipotajwa tu na polisi, tayari hoja za kufunga zilikuwa hewani, na ushahidi ungefuata baadaye, kama ungefuata.

Juni 2002 msichana Elizabeth Smart alitekwa nyumbani kwao Salt Lake City. Polisi walimshuku fundi mmoja aliyewahi kufanya kazi katika nyumba hiyo, na Grace akamzungumzia hewani kama mtu ambaye hatia yake haina mjadala. Fundi huyo alifariki Agosti mwaka huo akiwa mikononi mwa serikali, kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Machi 2003 msichana akapatikana akiwa hai, pamoja na mtekaji halisi, Brian David Mitchell. Mwaka 2006 ikaja kesi ya wachezaji watatu wa lakrosi wa Chuo Kikuu cha Duke waliotuhumiwa kubaka. Grace aliushikilia upande wa mashtaka tangu mwanzo. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa North Carolina alifuta mashtaka yote na kutangaza kwamba vijana hao hawana hatia. Usiku huo kwenye kiti cha Grace alikaa mtangazaji mwingine.

Jaribio zito zaidi lilikuwa la Septemba 2006. Mama wa miaka 21 wa Florida, ambaye mtoto wake wa kiume wa miaka miwili alikuwa amepotea, alikubali kuhojiwa kwa simu. Ukiyafuatilia mahojiano yale kwa jicho la ufundi utayatambua mara moja: ni dodoso. Mwendesha mashtaka anachagua swali moja ambalo shahidi hawezi kulijibu bila kujiumiza, halafu anarudi hapohapo mara ya tatu na ya nne. Ulikuwa wapi siku ile? Kwa nini husemi? Mahakamani mbinu hiyo ni halali, kwa kuwa shahidi ana wakili anayesimama kupinga swali, na jaji anayeweza kusema inatosha. Kwenye simu ile mama hakuwa na yeyote kati ya hao. Siku iliyofuata, kabla mahojiano hayajarushwa, alijiua. Kipindi kikarushwa jioni hiyohiyo. Familia ilishtaki, na mwaka 2010 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya kuanzisha mfuko wa dola 200,000 wa kumtafuta mtoto.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwa mama yule, wala sitajaribu. Ninachoweza kukionyesha ni kanuni iliyokosekana. Tangu mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya Marekani imemkataza mwendesha mashtaka kuliambia jopo kwamba ukimya wa mshtakiwa ni dalili ya hatia. Grace aliijua kanuni hiyo, maana aliishi nayo kwa miaka kazini. Studio haikumdai aifuate, na anayesita kujibu hewani akahesabiwa kuwa amekiri.

Mahakama, kwa upande wake, zilikuwa na namna ya kumrekebisha. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Georgia, ilipobatilisha hukumu ya mfanyabiashara aliyetiwa hatiani kwa kumuua mkewe kwa moto, ilitumia nafasi hiyo kuulaumu vikali mwenendo wa Grace katika kesi hiyo. Mwaka 2005 majaji wa rufaa wa shirikisho wakasema kwamba katika kesi nyingine, ya mauaji ya watu watatu, alicheza na wajibu wake wa kimaadili, ingawa hukumu yenyewe waliiacha isimame. Kipindi cha runinga hakina rufaa.

Je, ujuzi wa mwendesha mashtaka hauna faida kwenye habari? Unayo kubwa, ila iko kwenye jalada. Jeffrey Toobin alikuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya shirikisho Brooklyn kabla ya kuingia jarida la The New Yorker mwaka 1993. Kiangazi kilichofuata, waandishi wa dunia nzima wakiwa wamejazana Los Angeles kwa ajili ya Simpson, yeye alikwenda kwenye kumbukumbu za mahakama na kutafuta jina la Mark Fuhrman, mpelelezi aliyesema ameikuta glavu yenye damu kwenye uwanja wa nyumba ya Simpson. Akapata jalada la madai ya zamani: miaka ya 1980 Fuhrman alikuwa amedai pensheni ya ulemavu kwa sababu ya msongo wa kazi, na ndani mlikuwa na taarifa za madaktari wa akili zikieleza kauli zake dhidi ya watu wasio weupe. Akiwa na karatasi hizo akawaendea mawakili wa utetezi. Julai 1994 akaandika jinsi walivyokusudia kudai kwamba Fuhrman ndiye aliyeipandikiza glavu. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye kanda za sauti za Fuhrman zilisikika mahakamani, na mwaka 1996 hakupinga shtaka la kusema uongo chini ya kiapo.

Toobin mwenyewe aliamini kwamba Simpson ndiye muuaji, na kitabu chake cha mwaka 1996 kinasema hivyo waziwazi. Imani hiyo haikumfanya afiche kilichoandikwa kwenye jalada. Mwendesha mashtaka mzuri hujifunza mapema kuutafuta udhaifu wa kesi yake kabla mpinzani hajauona, na tabia hiyo, kuliko sauti ya hoja za kufunga, ndiyo ilistahili kuhamishiwa runingani.

Msomaji wa kwetu, aliyezoea kuambiwa kwamba suala likiwa mahakamani halijadiliwi, huenda anashangaa jinsi haya yote yanavyoruhusiwa. Marekani uhuru wa habari unalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, na tangu mwaka 1976 ni vigumu mno kwa jaji kuvizuia vyombo vya habari kuandika kabla ya kesi. Jaji anabaki na kazi ya kuwakinga wanaoamua. Kesi ya Casey Anthony wa Orlando, aliyeshtakiwa kumuua binti yake Caylee wa miaka miwili, inaonyesha gharama ya kazi hiyo. Tangu mwaka 2008 Grace aliizungumzia karibu kila usiku na kumbandika mshtakiwa jina la utani lililotumika badala ya jina lake halisi. Ilipofika zamu ya kuchagua wanajopo, mwaka 2011, ilibidi mahakama ihame hadi kaunti ya Pinellas, zaidi ya kilomita 150 kutoka Orlando, kutafuta watu 12 na wa akiba. Wakapatikana, wakapelekwa Orlando, wakawekwa hotelini mbali na runinga kwa muda wote wa kesi.

Watu hao waliona vielelezo vilivyopokewa na kusikia mashahidi waliododoswa. Wataalamu hawakuweza kueleza mtoto alikufaje. Julai 5, baada ya kujadiliana kwa chini ya saa 11, wanajopo walimwondolea Anthony shtaka la mauaji na kumtia hatiani kwa kuwadanganya polisi tu. HLN siku hiyo ilipata watazamaji ambao haikuwahi kuwapata, na Grace akawaambia kuwa usiku huo shetani anacheza ngoma. Mamilioni waliokuwa wamesikiliza hoja za kufunga kwa miaka mitatu waliona jopo limewasaliti. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba Jaji Belvin Perry aliagiza majina ya wanajopo yasitolewe hadi Oktoba, kwa kuhofia usalama wao.